Jinsi ya kuondoa bolti iliyokwama au kukatikia ndani ya injini

BOLTI moja ya bei ya chini inaweza kumgharimu mwenye gari silinda hedi nzima. Aghalabu hasara hiyo huletwa na papara ya fundi anayeilazimisha itoke, hasa mwenye matatu akiwa amesimama kando yake akihesabu safari zinazompita.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inapofanyika baina ya meno ya bolti na meno ya tundu, huyabana pamoja. Bolti za ekzosti huathirika zaidi kwani huchomwa na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi, kisha hupoa kila gari linapozimwa.

Katika injini nyingi za kisasa, tundu limo ndani ya alumini ilhali bolti ni ya chuma. Maji yakiingia kati ya metali hizo mbili, hasa yakiwa na chumvi, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe unaoshika mithili ya saruji. Mafundi wa Mombasa na Malindi wanaijua shida hii. Hali kadhalika, baadhi ya magari ya mitumba yanayoletwa humu nchini yalitumika katika maeneo ya Japani yenye theluji, ambako chumvi hunyunyizwa barabarani.

Kabla ya kushika spana, safisha bolti kwa brashi ya waya, kisha uitie mafuta ya kupenya. Hapa ndipo wengi hukosea: hungoja dakika mbili tu. Yaache mafuta usiku kucha ikiwezekana, ukiyaongeza mara kwa mara, na uigonge bolti kichwani kwa nyundo. Mapigo mafupi hupasua kutu na kuyafungulia mafuta njia.

Tumia soketi ya pembe sita inayokaa sawasawa. Ile ya pembe kumi na mbili hula kichwa cha bolti upesi, na spana ya mdomo wazi ni mbaya zaidi. Ukisikia bolti imelegea kidogo kisha ikakaza tena, usiendelee kuilazimisha. Irudishe ndani nusu mzunguko, itie mafuta, halafu uitoe tena. Kazi ya namna hii huchosha, lakini bolti inayotoka kwa kwenda mbele na nyuma ni nadra kukatika.

Iwapo bado imekaidi, tumia joto. Pasha moto sehemu inayoizunguka bolti, kwani alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma na tundu hupanuka. Hata hivyo, alumini haigeuki rangi nyekundu ili kukuonya. Huyeyuka ghafla joto linapozidi. Futa kwanza mafuta uliyopaka, kwa kuwa hushika moto, na usithubutu kuwasha mwali karibu na mipira ya petroli.

Tuseme imekatika. Ikiwa kipande kimechomoza, kishike kwa koleo la kujifunga. Njia bora zaidi ni kukivisha nati na kuichomelea hapo, kwa sababu joto la kuchomelea hulegeza kutu na nati hukupa mahali papya pa kushikia spana. Ondoa nyaya za betri kabla ya kuchomelea, ama kompyuta ya gari inaweza kuungua.

Kipande kilichozama ndani ndicho mtihani. Kisawazishe kwa tupa, tia alama katikati kabisa kwa panchi, kisha utoboe polepole. Kwa bolti ya milimita 8, anza na biti ya milimita 3, ufuatishe ya 4 au 5. Ukipata biti inayokata ikizunguka kushoto, itumie hiyo. Mara nyingine huing'oa bolti kabla hujamaliza kutoboa. Drili ikienda upande, biti huacha chuma kigumu na kuingia katika alumini laini, na hapo tundu limeharibika.

Ekstrakta, kile kifaa chenye mikunjo ya kushoto kinachopigiliwa katika tundu hilo, kina sifa kubwa kuliko kinavyostahili. Ni kigumu lakini huvunjika kirahisi, na kikivunjikia ndani, biti za kawaida haziwezi kukitoboa. Kisipozunguka kwa nguvu ya kadiri, kiache. Endelea kutoboa hadi milimita 6.5, ambapo hubaki ganda jembamba linaloweza kubanduliwa kwa ncha kali.

Meno ya tundu yakiharibika, mambo hayajaisha. Fundi wa mashine hulipanua, akakata meno mapya na kuvisha koili ya chuma itakayopokea bolti ya ukubwa ule ule. Katika alumini, koili hiyo aghalabu huwa imara kuliko meno ya awali.

Kabla ya kufunga bolti mpya, puliza tundu hadi likauke, huku ukiwa umeyafunika macho kwa miwani. Mafuta yaliyobaki chini ya tundu lisilo na mlango wa pili hayana pa kwenda bolti inapoyakandamiza, na shinikizo hilo linatosha kupasua bloku. Bolti za silinda hedi ziangaliwe katika kitabu cha gari: nyingi hutengenezwa zivutike zinapokazwa, na hizo hazirudishwi mara ya pili.