Kolwezi: Mkristo akiletewa sahani baridi, aseme au anyamaze?

KOLWEZI, Lualaba – Jumapili saa saba mchana ibada zimetoka na mji una njaa. Kutoka Manika hadi Dilala, familia zenye Biblia mkononi zinaingia kwenye malewa na mikahawa kutafuta bukari, sombe na samaki. Samaki anafika amepoa. Soda, ambayo wenyeji huiita sukre, imeletwa ya moto kama chai. Bili imeandikwa kwa dola, chenji inatakiwa kurudi kwa faranga, na haionekani. Aliyekuwa akiimba kwaya saa moja iliyopita apaaze sauti, au ameze tu?

Swali hilo linachekesha mpaka utazame nani anayebeba sahani. Mara nyingi ni binti wa mtaani, hana mkataba wa maandishi, na kuna mahali ambapo chakula kilichorudishwa jikoni hukatwa kwenye malipo yake. Neno moja la hasira kutoka meza ya waumini waliovaa vitenge vipya laweza kumgharimu kazi ya siku nzima.

Na hiyo soda ya moto si kosa lake. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa miaka ya 1950 kwenye mto Lualaba, yako karibu na mji huu, lakini migodi ndiyo mlaji mkubwa wa umeme na mitaa hukatiwa mara kwa mara. Friji ikizimwa tangu alfajiri, hakuna wa kufokewa pale mezani.

Wanaotetea ukimya wana Maandiko yao. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi watende mambo yote bila manung'uniko, na wana wa Israeli jangwani walipata tabu kwa sababu ya kulalamikia chakula, wakikumbuka samaki wa Misri. Kwao, Mkristo anayegombana kwa ajili ya bukari anaharibu ushuhuda wa kanisa zima, hasa akiwa bado amevaa sare ya kwaya.

Lakini Biblia hiyohiyo ina malalamiko ya mezani yaliyosikilizwa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane waliozungumza Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Watu wao walilalamika. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliwaambia waumini wachague watu saba, na Stefano na Filipo wakawa miongoni mwao, kusimamia huduma hiyo. Kwa maneno mengine, moja ya kazi za kwanza kuundwa katika kanisa ilitokana na watu waliosema wazi kwamba hawakuhudumiwa vizuri.

Kiswahili chenyewe kinasaidia hapa. Kunung'unika ni kusema chini kwa chini, kwa jirani wa meza, huku ukitabasamu kwa mwenye mkahawa. Kumwambia mhusika ni jambo jingine, na Injili ya Mathayo sura ya 18 inaweka utaratibu: kwanza wewe na yeye peke yenu, mashahidi baadaye. Hakuna mahali inaposema uanze kwa kupiga meza mbele ya wateja wote.

Kolwezi haikuanza leo kufikiri jinsi Wakristo wanavyopaswa kutazamana. Mwaka 1953 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alipewa kazi ya kichungaji kwa wafanyakazi wa mgodi wa Ruwe, chini ya kampuni ya Union Minière. Hapo ndipo Jamaa ilipoanza, vuguvugu la wanandoa Wakatoliki lililosambaa Katanga kwa Kiswahili likiwa na maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Wanachama waliitana baba na mama, na padri naye alihesabiwa ndani ya undugu huo. Ukimwita mhudumu mama kwa dhati, ni vigumu kumrushia sahani kwa maneno. Ni vigumu pia kumwacha aendelee kukosea bila kumwambia.

Tena, jambo hili haliishii kwenye samaki. Mchimbaji mdogo anapopeleka kobalti yake kwenye maghala ya Musompo, mnunuzi ndiye hupima uzito na ubora wa madini. Shirika la Amnesty International liliandika mwaka 2016 kwamba wachimbaji hawakuwa na njia huru ya kuhakiki vipimo hivyo. Wengi wa wanaopanga foleni kwenye mizani siku ya Jumatatu walikuwa kanisani Jumapili. Aliyefundishwa kwamba kuuliza ni utovu wa imani atauliza vipi pale?

Wakristo wa Kongo, kwa kweli, wameshauliza mambo makubwa kuliko hayo. Tarehe 16 Februari 1992 waliandamana Kinshasa kudai Kongamano Kuu la Taifa lifunguliwe tena, na 31 Desemba 2017 Wakatoliki waliingia barabarani baada ya misa, wengine wameshika rozari.

Mezani, wateja wengi huchagua njia ya tatu, na ndiyo mbaya kuliko zote kwa biashara. Wanalipa, wanamwambia binti Mungu akubariki, wanatoka. Mama mwenye malewa hajui lolote mpaka Jumapili inayofuata, saa saba, anapoona familia ileile ikivuka barabara kwenda kwa jirani yake.