Matuta ya Uluguru

Mvua inyeshayo juu ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, hutiririka hadi mto Ruvu, na Ruvu ndio huinywesha Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, udongo uliokuwa ukiporomoka kutoka mashamba ya Waluguru uliwatia hofu maofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni. Hofu hiyo haikuwa ya bure: miteremko ni mikali, na mmomonyoko ulionekana kwa macho.

Dawa iliyochaguliwa ni matuta ya ngazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliamriwa kuyachonga, na aliyekaidi alitozwa faini. Lakini udongo wa miteremko ile ni mwembamba. Jembe lilifukia tabaka la juu lenye mboji na kufunua udongo wa chini usio na rutuba, mahindi yakadumaa. Samadi ingaliweza kuurudishia nguvu, ila Waluguru walikuwa na ng'ombe wachache mno.

Mkulima hakuhitaji maabara kulitambua jambo hilo. Ghala lake lilimtosha. Alichokosa ni mahali pa kulisemea. Bwana shamba alileta amri, hakuja kuuliza, na machifu waliwajibika kwa serikali, si kwa watu wao. Malalamiko yakahesabiwa kuwa ni uvivu, na baada ya TANU kuundwa mwaka 1954, kuwa ni uchochezi. Hivyo kosa la kitaalamu, ambalo lingalisahihishwa kwa kusikilizana msimu mmoja tu, liliendelea hadi Julai 1955. Mwezi huo umati ulikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Matuta ya lazima yakaachwa.

Hasara haikuishia hapo. Hata ushauri uliokuwa sahihi, kama ule wa kutochoma moto majani kabla ya kulima, ulitupwa pamoja na matuta, kwa kuwa ulitoka katika kinywa kilekile.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 matuta yalirudi Uluguru, huko Kibungo Juu, kwa mpango wa mashirika ya CARE na WWF. Safari hii mkulima alijiunga kwa hiari, akalipwa kwa kazi ya kuhifadhi maji, na sehemu ya malipo ilitoka kwa kampuni iliyokuwa ikisambaza maji hayo Dar es Salaam. Na matuta yalitiwa samadi.