Mpira wa Kulishia: Upi Unamfaa Mtoto Asiyetulia?

Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Shambani maneno hayo ni kweli, lakini yako mambo ambayo asiyechagua hupata hasara. Mojawapo ni mpira wa kulishia, yaani ule mpira mwembamba unaopeleka chakula tumboni mwa mtu asiyeweza kumeza. Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari zake, kwa sababu mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka saba, analishwa kwa njia hiyo, na watu wengi hapa Chimala humsimamisha mama njiani wakamwuliza: "Mama, yawezekanaje mtoto mwenye mpira tumboni kucheza mpira uwanjani?" Yawezekana sana, ila si kwa kila aina ya mpira.

Kwanza yafaa tujue kwa nini mtoto huwekewa mpira. Wengine wana mtindio wa ubongo, hawamezi vizuri, na chakula huingia mapafuni badala ya kwenda tumboni. Wengine wana ugonjwa wa moyo, huchoka kabla ya kushiba. Wengine, kama mdogo wangu, walikunywa maji ya kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, waliyoikuta katika chupa ya soda. Kostiki huunguza njia ya chakula, na kidonda kinapopona huacha kovu linaloibana njia hiyo hata maziwa yasipite. Mtoto akinywa kostiki asitapishwe, maana ikipanda huunguza mara ya pili. Asafishwe kinywa kwa maji, apelekwe hospitali mara moja. Na kostiki isiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji.

Jambo hili la kulisha kwa tumbo si geni duniani. Mwaka 1849 daktari Mfaransa, Sédillot wa Strasbourg, alimtoboa mgonjwa tumbo ili amlishe, lakini mgonjwa akafa. Mwaka 1876 Verneuil wa Paris alimfanyia hivyo kijana ambaye njia yake ya chakula ilikuwa imezibwa na dawa kali, na kijana yule akapona. Mwaka 1980 Gauderer na Ponsky wa Marekani walitangaza njia ya kuweka mpira kwa kutumia chombo chenye taa kinachopitishwa kinywani, bila kupasua tumbo kwa upana. Lakini mtoto ambaye njia yake ya chakula imebana sana, chombo hicho hakipiti, na huyo hana budi kupasuliwa. Ndivyo alivyofanyiwa mdogo wangu huko Mbeya.

Basi, mzazi atachaguaje? Mimi naona yapo maswali matatu. Mtoto atauhitaji mpira kwa muda gani? Anatembea na kucheza kiasi gani? Na mpira ukitoka, nani ataurudisha? Watu wengi huuliza la kwanza, wachache huuliza la pili, na la tatu husahauliwa kabisa. Kwa watu wa huku kwetu, hilo la tatu ndilo kubwa.

Tuanze na mpira wa puani. Huu hupita puani na kooni hadi tumboni, wala hauhitaji kupasuliwa. Unafaa kwa majuma machache, pengine manne hadi sita, wakati mtoto anapopata nguvu au madaktari wanapongoja kuona hali yake. Kwa mtoto asiyetulia una taabu nyingi. Plasta yake hubanduka kwa jasho, mtoto huuvuta akiwa usingizini, na wenzake huona uso wake kabla ya kumwona mwenyewe. Tena una hatari moja kubwa: ukirudishwa vibaya waweza kuingia mapafuni. Kwa hiyo kila mara kabla ya kulisha, majimaji kidogo huvutwa kwa sirinji na kupimwa kwa karatasi ya asidi. Wanafunzi wenzangu wa kemia msidhani kwamba ni litmasi yetu ya maabara. Litmasi husema asidi au si asidi tu. Hii inayotakiwa huonyesha namba, na namba hiyo iwe 5.5 au chini yake. Ile desturi ya kusukuma hewa na kusikiliza tumboni haitoshi kumhakikishia mtu.

Aina ya pili ni mpira mrefu wa tumboni. Huu hupita katika tundu dogo lililotobolewa juu ya kitovu, upande wa kushoto, na kuning'inia nje kama kipande cha kamba. Huwekwa mara nyingi hapo mwanzo, wakati tundu likiwa bado bichi. Uso wa mtoto unabaki huru, na mpira wenyewe hudumu muda mrefu. Lakini kwa mtoto mchezaji ule urefu ndio adui. Hunaswa katika kitasa cha mlango, hushikwa na mtoto mwingine katika mieleka, hukaliwa na mwenyewe. Dawa yake ni kuukunja na kuufunga juu ya tumbo kwa mkanda laini wa kitambaa, chini ya shati.

Mahali ambapo mpira maalumu haupatikani, madaktari wa nchi nyingi maskini hutumia mpira wa mkojo wenye puto. Hulisha vizuri, lakini hauna kisahani cha kuuzuia nje ya ngozi, hivyo waweza kuvutwa ndani na mwendo wa tumbo hata puto lake likaziba mlango wa kutokea chakula. Mtoto wa namna hiyo mpira wake ufungwe imara, na utiwe alama ya wino pale unapogusa ngozi, ili mama aone kila siku kama umesogea. Akianza kutapika na alama haionekani, ni safari ya hospitali.

Aina ya tatu ni kifungo. Gauderer na wenzake walikitangaza mwaka 1984. Hiki hulala juu ya ngozi kama kifungo cha koti, kina kifuniko chake, na wakati wa kulisha huunganishwa na mrija mwingine ambao huondolewa baadaye. Mtoto akivaa shati hakuna ajuaye. Anaweza kukimbia, kupanda mti na kulala kifudifudi. Kwa mtoto asiyetulia hicho ndicho bora, na madaktari wengi husema hivyo. Kwa kawaida hungoja tundu lipone kwanza, majuma sita hadi kumi na mawili.

Lakini vifungo navyo ni vya namna mbili. Kimoja hushikwa ndani na uvimbe mfano wa uyoga. Hiki ni kigumu kung'oka na chaweza kudumu mwaka au zaidi, ila kukibadili huuma na ni kazi ya hospitali. Kingine hushikwa na puto dogo linalojazwa maji kwa sirinji, kama mililita 5. Puto huharibiwa na asidi ya tumbo, hivyo kifungo hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na maji yake hupimwa kila juma. Hutoka kwa urahisi zaidi. Lakini mama aliyefundishwa aweza kukirudisha mwenyewe nyumbani.

Hapo ndipo swali la tatu linapoingia. Tundu la tumbo si kama tundu la sikio. Kitu kikitoka, huanza kujifunga, na katika muda wa saa chache laweza kuwa dogo hata mpira usipite tena. Hapo hospitali haina budi kulipanua, pengine hata kupasua upya. Toka Chimala hadi Mbeya ni kilomita zaidi ya 70. Na sisi ni wakulima wa mpunga. Wakati wa kilimo jamaa zetu huhamia mashambani katika bonde la Usangu, na mvua zikinyesha udongo mweusi huwa tope lisilopitika hata kwa baiskeli.

Daktari alipotuonyesha vile vifungo viwili, alisifu kile cha uyoga kwa kuwa mtoto mtundu hawezi kuking'oa upesi. Mama hakubisha. Aliuliza tu, "Daktari, kikitoka usiku wa mvua tukiwa shambani, nani atakirudisha?" Daktari akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, hicho cha uyoga huwezi. Cha puto utakirudisha wewe, nikikufundisha." Mama akachagua cha puto. Akafundishwa mbele ya muuguzi mpaka akaweza mara tatu mfululizo, na hakukubali kuondoka bila kifungo cha akiba na sirinji yake. Naona uchaguzi ule ulikuwa wa mtu anayezijua njia za nyumbani kwake. Kwa mtoto anayeishi karibu na hospitali kubwa, na ambaye hana wa kumrudishia kifungo nyumbani, huenda cha uyoga kingefaa zaidi.

Sasa habari ya namba. Kila mpira una namba ya unene. Namba hiyo ukiigawanya kwa 3 unapata kipenyo cha nje kwa milimita. Namba 8, inayotumika sana puani kwa watoto wadogo, haifiki milimita 3. Namba 12 ni milimita 4. Namba 18 ni milimita 6. Kifungo kina kipimo cha pili, yaani urefu wa shina lake, ambao sharti ulingane na unene wa ukuta wa tumbo. Likiwa fupi, kifungo hukandamiza ngozi na kufanya kidonda. Likiwa refu, hucheza na kuvujisha. Mtoto akikua au kunenepa hupimwa tena. Mzazi aandike namba zote mbili katika kadi ya mtoto, maana kumwambia muuguzi "kile cheupe kidogo" hakumsaidii.

Unene wa mpira huamua chakula pia. Mpira mwembamba wa puani huziba upesi kwa uji. Mpira wa tumboni ulio mpana zaidi hupitisha uji laini uliochujwa vizuri. Lakini uji ukiongezewa maji ili upite, mtoto hujaa maji asinenepe. Sisi hutumia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Kijiko kidogo cha kimea kikitiwa katika uji mzito wa moto na kukorogwa, uji hulegea wenyewe bila kuongezwa maji. Kisha huchemshwa tena. Wataalamu wa lishe wa Tanzania waliandika habari zake katika miaka ya 1980, ingawa bibi zetu walikijua kwa pombe. Kabla ya kulisha na baada yake mpira husukumwa maji safi yaliyochemshwa, na mtoto akae wima nusu saa au zaidi kabla ya kurudi mchezoni.

Kuhusu michezo, tundu likishapona mtoto aachwe acheze. Asikatazwe mpira wa miguu. Avae fulana inayobana kidogo, na apumzike kwanza baada ya chakula. Kuogelea katika mifereji ya mpunga akatazwe, lakini hilo tunakatazwa sote kwa sababu ya kichocho.

Nimeweka mwisho neno kwa walimu na wanafunzi wenzangu, kwa kuwa mtoto mwenye mpira hushinda shuleni saa nyingi kuliko nyumbani. Kifungo hakiambukizi. Si ajabu ya kuchunguliwa, wala asilazimishwe kuwaonyesha watu. Kikitoka, msiogope; hutoka maji ya tumbo kidogo, si damu nyingi. Funikeni tundu kwa kitambaa safi, msikitupe kifungo kilichotoka, mwiteni mzazi papo hapo bila kungoja kengele. Asiyefundishwa asijaribu kukirudisha. Na kama mtoto amepasuliwa majuma machache tu yaliyopita, hata mzazi asijaribu. Aende hospitali moja kwa moja, kwa sababu tundu bichi laweza kupotoka na chakula kikamwagika ndani ya tumbo, na hiyo ni hatari ya kufa.

Mwaka jana puto la mdogo wangu lilipasuka katikati ya mchezo. Mwalimu wake alikuwa amekwisha kuambizwa la kufanya. Alifunika tundu kwa leso, akamtuma kijana mwenye baiskeli, na kabla nusu saa haijapita mama alikuwa amekwisha kuweka kifungo cha akiba, akavuta majimaji na kuyapima. Mtoto alilia, si kwa maumivu, bali kwa sababu timu yake ilikuwa nyuma kwa bao moja na yeye amekatazwa kurudi uwanjani siku ile.

Kwa hiyo, wazazi, mkiulizwa na daktari mnapenda mpira gani, msijibu, "Wowote, Daktari." Mwelezeni mnakaa wapi, mtoto anacheza nini, na nani hushinda naye mchana. Kisha ombeni kufundishwa, na ombeni wa akiba.