Ujira wa Mchimbaji Hauishi Siku ya Mshahara

Wako wanaodhani kwamba ujira wa mfanyakazi ni zile fedha anazokabidhiwa siku ya malipo, na kwamba akishazitia mfukoni mwajiri wake hana deni tena. Kwa mchimbaji wa makaa ya mawe dhana hiyo haikupata kuwa kweli, na historia ya wachimbaji wa Marekani yatuonyesha sababu yake.

Hapo zamani mchimbaji wa huko alilipwa kwa tani. Kusimamisha nguzo ili dari lisimwangukie, au kuondoa mawe yasiyo makaa, mara nyingi ilikuwa kazi ya bure. Tani yenyewe ilipimwa kwa mizani ya kampuni. Ndiyo maana chama chao kilidai mapema kwamba wachimbaji wawe na mtu wao wa kusimama kando ya mizani hiyo. Tena katika vijiji vingi ujira ulitolewa kwa sarafu za kampuni, zilizopokewa katika duka la kampuni. Bei za duka hilo msomaji aweza kuzikisia.

Mwaka 1946 Serikali ya Rais Truman, iliyokuwa imeitwaa migodi kwa ajili ya mgomo, ilitiliana saini na John L. Lewis, kiongozi wa wachimbaji, mkataba ulioanzisha mfuko wa afya na uzee. Kila tani ilitozwa senti 5. Kufikia 1950 zilikuwa senti 30. Mfuko huo ulijenga hospitali 10 katika milima ya Appalachia. Badala yake Lewis alizikubali mashine. Mwaka 1923 wachimbaji walizidi 860,000. Mwishoni mwa miaka ya 1960 hawakufika 150,000, na waliobaki walivuta vumbi zaidi kuliko baba zao. Ilihitajika vifo vya watu 78 huko Farmington, Novemba 1968, na mgomo mkubwa wa West Virginia mwaka uliofuata, ndipo sheria ya 1969 ikatoa fidia kwa wenye mapafu meusi.

Hapa ndipo penye shaka yetu. Mfuko unaoishi kwa tani hukauka tani zinapokauka. Tangu 2008 uzalishaji umeshuka sana, wazee wakawa wengi kuliko walio kazini, na kampuni moja baada ya nyingine ikakimbilia mahakama ya muflisi kuomba ifutiwe ahadi zake. Desemba 2019 Bunge la Marekani lililazimika kuuokoa mfuko wa uzeeni kwa fedha za Hazina. Wapo walionung'unika kwamba umma unalipa madeni ya watu binafsi. Sisi twasema umma uliota moto wa makaa hayo. Ila haki ingalitaka kwanza mfanyakazi atangulizwe mbele ya benki katika kugawana mali ya muflisi.

Julai ya mwaka huohuo kampuni ya Blackjewel ilifilisika, na hundi za wachimbaji wa Harlan, Kentucky, zikarudishwa na benki. Wakaketi juu ya reli, wakazuia treni iliyosheheni makaa waliyoyachimba. Wizara ya Kazi nayo ikaiomba mahakama izuie makaa hayo, kwa kuwa yalitoka mikononi mwa watu wasiolipwa. Oktoba yakafikiwa mapatano ya kuwalipa zaidi ya dola milioni 5.