Ufasaha wa Kiingereza katika Matangazo ya Kazi: Uchambuzi wa Istilahi

Katika makala haya tunakusudia kuchambua maneno machache yanayotumika kila siku katika matangazo ya kazi na katika vyumba vya usaili, nayo ni ufasaha, umilisi, stadi na lafudhi. Huenda baadhi ya wasomaji wakajiuliza inakuwaje ukurasa wa istilahi uingilie mambo ya ajira. Jibu letu ni kwamba mtu akinyimwa kazi kwa sababu ya neno moja, neno hilo limekwisha kuwa sehemu ya kazi yetu. Tangazo linapodai kwamba mwombaji "awe na ufasaha wa Kiingereza", pasipo maelezo zaidi, anayejua kipimo cha sharti hilo ni msaili peke yake. Na mara nyingi yeye naye hukipata kipimo hicho siku ile ile ya usaili.

Chanzo cha tatizo

Kwa Watanzania walio wengi, Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, nayo hupatikana darasani zaidi kuliko nyumbani au sokoni. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mtoto hujifunza humo kwamba duara lina kipenyo, nusu kipenyo na mzingo, akakokotoa na kupata jibu. Aingiapo kidato cha kwanza, maneno hayo huwekwa kando, akaanza upya kuyatafuta majina ya vitu ambavyo amekwisha kuvielewa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiendelee kutumika katika sekondari na hatimaye katika chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliopima Kiingereza cha wanafunzi wetu, waliona kuwa kwa wengi wao hakikutosha kusomea masomo mengine; hata hivyo walipendekeza lugha hiyo iendelee kufundishia sekondari, ila ufundishaji wake uimarishwe.

Matokeo yake ni kwamba kijana humaliza masomo akiwa na maarifa yaliyogawanyika. Mambo ya msingi anayajua kwa Kiswahili. Mambo ya juu ameyakariri kwa Kiingereza. Siku ya usaili anaulizwa kwa Kiingereza namna ya kutunza hesabu za ghala. Kazi anaifahamu, lakini maneno yanamkwama kooni, naye huandikwa kuwa hafai. Jambo la kushangaza ni kwamba msaili na msailiwa wote wawili wamejifunza lugha hiyo shuleni, na ghala lenyewe, kuanzia kwa mpagazi hadi kwa msimamizi, huendeshwa kwa Kiswahili kutwa nzima.

Maana ya maneno

Tuanze na ufasaha. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na kwa Waswahili lina hadhi kubwa. Msemaji fasaha ni yule anayesema kwa usahihi, kwa mpango na kwa namna inayopendeza masikioni. Tukilichukua kwa maana hiyo, hata wazawa wengi wa lugha yoyote hawana ufasaha. Katika matangazo ya kazi, hata hivyo, neno hili limebebeshwa maana nyingine, yaani uwezo wa kusema bila kusitasita. Maana hizi mbili hazilingani. Mtu aweza kusema mbio mbio na akakosea kila sentensi. Mwingine aweza kusema polepole, akitafuta neno, na kila alisemalo likawa sahihi.

Neno la pili ni umilisi. Wanaisimu hulitumia kwa maana ya ujuzi wa lugha alio nao mtu akilini mwake, na huutenganisha na utendi, yaani jinsi anavyoutumia ujuzi huo mahali fulani na wakati fulani. Tofauti hii yafaa ikumbukwe na kila msaili, kwa sababu anachokiona kwa dakika kumi na tano ni utendi wa mtu mwenye hofu. Kuuhukumu umilisi wote kwa kipande hicho ni sawa na kuihukumu shamba kwa suke moja.

Neno la tatu ni stadi. Lugha ina stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Si lazima ziende pamoja. Karani wa masjala huhitaji zaidi kusoma na kuandika. Mpokezi wa hoteli huhitaji kusikiliza na kuzungumza. Fundi mchundo anayetengeneza mitambo aweza kuhitaji kusoma kitabu cha maelekezo tu, na asihitaji kamwe kuhutubia.

Neno la mwisho ni lafudhi, yaani namna ya kutamka inayoonyesha alikotoka msemaji. Kila mtu ana lafudhi, mzawa na mgeni. Kosa la lafudhi hutokea pale tu inapomzuia msikilizaji kuelewa. Kumcheka mwombaji kwa kuwa matamshi yake yana harufu ya lugha ya mama ni kupima asili yake, na wala si ujuzi wake.

Mifano ya kipimo kinachoeleweka

Hatusemi kwamba Kiingereza hakihitajiki. Zipo kazi ambazo kukikosa ni hatari, na katika kazi hizo ndiko tunakokuta masharti yaliyoandikwa kwa uangalifu zaidi. Tuchukue urubani. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipitisha mwaka 2003 masharti ya lugha kwa marubani na waongozaji wa ndege, nayo yakaanza kutumika mwaka 2008. Masharti hayo yana ngazi sita, na anayetaka kufanya kazi katika safari za kimataifa sharti afikie angalau ngazi ya nne. Katika kila ngazi hupimwa mambo sita: matamshi, miundo ya sentensi, msamiati, mtiririko wa usemi, ufahamu na maingiliano. Msomaji ataona kwamba kile tunachokiita ufasaha katika matangazo yetu ni jambo moja tu kati ya sita. Aidha, ngazi ya nne hukubali waziwazi kwamba matamshi yaweza kuathiriwa na lugha ya kwanza ya msemaji, mradi yasizuie kueleweka ila wakati mwingine tu. Ikiwa rubani mwenye mamia ya abiria mgongoni huruhusiwa kuwa na lafudhi yake, ni vigumu kuona kwa nini mtunza ghala anyimwe.

Mfano wa pili ni wa wauguzi. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza hupokea, miongoni mwa vipimo vingine, mtihani wa IELTS ambao alama zake za juu ni 9. Mwaka 2018 Baraza hilo liliteremsha alama ya kuandika kutoka 7 hadi 6.5, likaziacha stadi nyingine tatu katika 7. Hatutaki kuamua hapa kama alama hizo ni nyingi au chache. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba stadi zilitenganishwa, kila moja ikapewa kiwango chake, na mwombaji akajua kabla ya siku ya mtihani anadaiwa nini.

Haki na sheria

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi mingi, ikiwa ni pamoja na rangi, utaifa, kabila, dini, jinsia na ulemavu. Lugha haikutajwa katika orodha hiyo. Lakini sheria hiyo hiyo ina wazo lenye manufaa kwetu: mwajiri aweza kuwatofautisha watu kwa sifa ambazo kwa asili yake kazi inazidai. Wazo hilo lina historia nje ya nchi pia. Mwaka 1971, katika shauri la Griggs dhidi ya kampuni ya Duke Power, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba cheti na mitihani iliyowafungia Wamarekani Weusi kazi bora haikubaliki ikiwa haihusiani na utendaji wa kazi yenyewe. Shauri hilo halikuhusu lugha, lakini swali lililoulizwa ndilo linalotufaa: je, sharti hili linapima kazi, au linapunguza foleni ya waombaji?

Mapendekezo

Kwanza, tunapendekeza neno ufasaha lisitumike peke yake katika tangazo la kazi. Mahali pake itajwe stadi inayohitajika na shughuli itakayofanywa. Badala ya kuandika "awe na ufasaha wa Kiingereza", tangazo la katibu muhtasi laweza kusema: "Awe na uwezo wa kuandika barua za ofisi kwa Kiingereza na kupokea simu za wageni." Tangazo la fundi laweza kusema: "Awe na uwezo wa kusoma maelekezo ya mitambo yaliyoandikwa kwa Kiingereza." Sharti la namna hii lapimika: mwombaji hupewa barua aiandike, au ukurasa ausome na kueleza maana yake.

Pili, ujuzi wa kazi na ujuzi wa lugha vipimwe mbali mbali, na kila kimoja kiwe na alama zake. Maswali ya kazi yaulizwe katika lugha ambayo kazi hiyo itafanywa. Kama ni Kiswahili, pasiwepo aibu ya kuyauliza kwa Kiswahili.

Tatu, sisi wenyewe wa istilahi tuna deni. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na jambo hilo limeonyesha tena kwamba istilahi hutangulia au hufuata mahitaji, lakini haziwezi kukosekana. Mwajiri asemaye kwamba anasaili kwa Kiingereza kwa sababu hana maneno ya Kiswahili ya uhasibu, ya ugavi au ya umeme, anatupa changamoto ya haki. Maneno mengi tayari yamo katika orodha zetu; kazi iliyobaki ni kuyafikisha mezani kwake na kuyasanifu yale ambayo bado hayajapatikana.

Tunawaomba basi wasomaji, hususa maofisa utumishi na wakuu wa idara, watuletee matangazo ya kazi wanayoyaandaa pamoja na maneno yanayowatatiza. Tutayajadili katika kurasa hizi. Mwenye kazi ana haki ya kuchagua, na mwombaji ana haki ya kujua anachaguliwa kwa kipimo gani.