UKOGA JUU YA BETRI: ADUI MDOGO MWENYE MADHARA MAKUBWA



Miongoni mwa mambo ambayo familia nyingi za hapa Muaither huyaahirisha mpaka yawatie mashakani ni hali ya betri ya gari. Gari huoshwa, hufukizwa udi, hutiwa matairi mapya; lakini boneti haifunguliwi ila gari linapokataa kuwaka. Nalo likikataa, aghalabu hukataa wakati mbaya: watoto wamekwisha kutoka shuleni wanangoja, jua ni la nyuzi 45, na mama yumo ndani ya gari na mtoto mchanga pasipo kipoza hewa. Hapo jambo dogo limekwisha kuwa jambo la afya.

Ufunguapo boneti ukaona unga mweupe, au wa buluu unaoelekea kijani, umevizunguka vichwa viwili vya betri, usidhani ni vumbi la jangwani. Huo ni ukoga wa asidi, na una dawa nyepesi.

ASILI YAKE

Betri ya gari tunayoitumia leo msingi wake ni ule ule uliobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: bamba za risasi zilizozama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Ndani mna vyumba sita, na kila kimoja hutoa volti mbili na ushei. Betri ikijaa na kutulia hufika volti 12.6 hivi.

Betri inapojazwa umeme, hasa ikiwa ya moto, hutoa gesi na matone ya asidi madogo yasiyoonekana kwa macho. Matone hayo hupenya kandokando ya vichwa. Yakikutana na risasi, huzaa chumvi nyeupe. Yakikutana na shaba ya waya, huzaa chumvi ya buluu. Chumvi hizo hazipitishi umeme ipasavyo. Matokeo yake ni kwamba umeme wa kuwashia injini hauipati njia, na umeme wa kuijaza betri nao huzuiliwa mlangoni. Wako waliokwenda Sanaya wakanunua betri mpya, hali ile ya zamani ilikuwa nzima, ila vichwa vyake vimeshikwa na ukoga.

Nchi yetu hii ya ugenini huongeza tatizo. Mwezi wa Julai mwaka 2010 joto la Doha lilifika nyuzi 50.4, na chini ya boneti huwa kali zaidi. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria: kila joto la betri linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa nusu hivi. Ndiyo maana betri iliyodhoofishwa na Agosti huweza kufa asubuhi ya Januari, baridi ikalaumiwa kwa kosa la joto.

MAZOEA YA NYUMBANI

Wengi wetu tumekua tukiona madereva wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wakimwagia betri maji ya moto, au chupa ya soda ya kola. Ukoga huyeyuka kweli, na gari huwaka. Lakini maji huondoa unga tu. Hayaiui asidi iliyobaki. Soda ya kola nayo ni asidi yenyewe, na huacha sukari inayonata. Asidi haiondolewi kwa asidi. Huondolewa kwa kinyume chake.

Kinyume hicho kimo jikoni: bikaboneti ya soda, ile tuitiayo katika keki, ambayo katika maduka ya hapa huuzwa kwa bei ndogo. Si hamira, wala si ule unga mchanganyiko wa kuumulia keki, kwa kuwa huo umekwisha kutiwa asidi ndani yake.

NAMNA YA KUSAFISHA

Wakati bora ni baada ya sala ya Alfajiri, gari likiwa limepoa.

1. Zima injini, toa ufunguo, vua pete na saa ya chuma. Pasiwe na sigara wala kiberiti karibu, kwani betri hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Magari yanayotumia petroli pamoja na umeme yana nyaya nene za rangi ya machungwa: hizo zisiguswe kamwe.

2. Vaa glavu za mpira, miwani na nguo kuukuu. Tone moja la asidi hutoboa kanzu, nalo likiingia jichoni ni msiba. Likiingia, osha jicho kwa maji mengi yanayotiririka, kisha nenda hospitali bila kuchelewa.

3. Fungua kwanza kibanio cha upande wa hasi, wenye alama ya kutoa. Kisha cha chanya, chenye alama ya kujumlisha. Utaratibu huu una sababu. Bodi zima la gari limeungwa na upande wa hasi. Ukianza na chanya, na spana ikaligusa bodi, cheche kubwa hutoka.

4. Koroga kijiko kimoja cha mezani cha bikaboneti katika kikombe cha maji ya vuguvugu. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, maana maji hayo yakiingia ndani yataiharibu asidi inayohitajika. Paka kwa mswaki wa zamani. Povu litachemka, hiyo ni dalili kwamba asidi inakufa. Rudia mpaka povu likome.

5. Suuza kwa maji safi kidogo, kisha futa pakauke. Alama zilizobaki zisugue kwa brashi ya waya pangali na unyevu. Usisugue unga mkavu, wala usiupulize kwa mdomo.

6. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza barabara bila kupita kiasi, kwa sababu risasi ni laini. Kisha paka juu yake vaselini au grisi nyembamba ili kuzuia hewa na unyevu. Betri yenyewe nayo iwe imefungwa imara, isitikisike.

Ukoga ukirudi baada ya wiki chache, mtake fundi aipime betri injini ikiwaka. Kipimo kikiwa kati ya volti 13.8 na 14.5, kwa magari mengi ni sawa. Kikizidi sana, betri inajazwa kupita kiasi na inachemka. Kikiwa sawa, huenda betri ina ufa. Betri yenye vifuniko vya kufungulika iongezwe maji yaliyotoneshwa tu, si ya bomba.

TUSISAHAU WATOTO

Nimesema unga usipulizwe, na hili nalisisitiza. Unga ule mna risasi ndani yake, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huumia zaidi, kwa kuwa hudhuru akili ingali inakua.

Sisi watu wa Pwani tunao mfano wa karibu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi tangu 2007 hadi 2014. Vumbi na moshi wake viliwadhuru wakazi, wakiwamo watoto. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza madai yao, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa ndefu Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo Desemba 2024.

Ukoga wa betri moja si moshi wa kiwanda. Lakini madini ni yale yale. Kwa hiyo watoto wasiwe karibu wakati wa kusafisha. Mswaki ule, kikombe kile na kijiko kile visirudi jikoni. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Betri iliyokwisha isiwekwe ukumbini wala kutupwa jaani. Mpelekee muuza betri, ambaye huipokea kwa ajili ya kutengenezwa upya.

Kufungua boneti na kutazama mara moja kwa mwezi ni kazi ya dakika moja. Kusafisha ni ya robo saa. Wafundisheni vijana, wa kiume na wa kike, kwani nao karibuni wataendesha. Kinga ni bora kuliko tiba.

Wabillahi tawfiq.