Rangi za nyanya

Rangi za nyanya ni rangi za tunda bivu la mnyanya (jina la kisayansi: Solanum lycopersicum). Iliyozoeleka ni nyekundu, lakini badiliko katika jeni moja tu linaweza kuleta tunda la njano, la waridi au la kahawia.

Wekundu hutokana na likopeni iliyomo katika nyama ya tunda, ikionekana kupitia ganda la njano. Ganda likikosa njano hiyo, nyama ileile huonekana ya waridi. Jeni inayohitajika kutengeneza likopeni ikiharibika, tunda hubaki la njano hata likiiva kabisa. Nyanya ziitwazo "nyeusi" kwa kweli ni za kahawia: klorofili haivunjwi wakati wa kuiva, hivyo kijani chake huchanganyika na wekundu. Zambarau ina asili nyingine. Aina ya Indigo Rose, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Oregon State nchini Marekani mwaka 2012, ilirithi antosianini kutoka kwa jamaa za porini za mnyanya.

Si kila nyanya ya njano bustanini imebadilika jeni. Joto likizidi takriban 30 °C, likopeni haitengenezwi vizuri, na sehemu iliyo karibu na kikonyo hubaki ya njano; rangi hiyo hairithiwi. Aghalabu mkulima amepanda tu mbegu za chotara. Njano hufichwa na nyekundu, kwa hiyo chotara mwekundu aliyezaliwa na mzazi wa njano akijichavusha, takriban mche 1 kati ya 4 huzaa matunda ya njano.